Uzi: Unga na mafuta ya mahamri hupita mikononi mwa kampuni ngapi kabla ya kufika Lamu?

#1 Mpika Mahamri (Langoni, Lamu)

Assalamu alaykum wanabaraza. Mimi hukaanga mahamri alfajiri na kuyauza kabla watoto hawajaenda chuoni na skuli. Tangu mwaka 2022 nimepandisha bei, nikapunguza ukubwa wa donge, kisha nikapandisha bei tena, na wateja wananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayelima ngano. Nikakaa nikapiga hesabu ya vilivyomo katika karai langu. Unga ni wa ngano iliyotoka ng'ambo kwa sehemu kubwa, maana ngano ya Narok na Uasin Gishu haiitoshelezi nchi. Mafuta ni ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Hata iliki, nimesoma kuwa nchi inayouza nyingi zaidi duniani ni Guatemala, ambako wenyewe hawaitii katika chai yao. Kilicho chetu ni tui la nazi na mikono yangu.

Dai langu ni hili: bei ya hamri moja hapa Langoni siipangi mimi wala haipangwi na mwenye duka, bali hupangwa na kampuni chache za mbali ambazo hazina haja ya kujua kama Lamu ipo. Anayepinga na apinge kwa hoja.

#2 Kijana wa Mkomani

Bi Mpika, umesema kweli tupu. Nafaka ya dunia iko mikononi mwa kampuni nne: Archer Daniels Midland, Bunge, Cargill na Louis Dreyfus. Herufi zao za kwanza zikipangwa zinatoa A, B, C, D, na ndivyo wanavyoitwa kwa mkato. Hao wanne wanashika asilimia 90 ya biashara yote ya nafaka. Wawili wao, Cargill ya Marekani na Bunge ya Argentina, hisa zao zinauzwa New York, kwa hiyo faida ya hamri lako inaishia kwa matajiri wa soko la hisa. Katika mwaka wa fedha wa 2022, wakati vita vya Ukraine vimepandisha ngano, Cargill ilitangaza mapato ya dola bilioni 165, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia kabla ya hapo.

#3 Msomi wa Barani (Malindi)

Kijana, shauku yako ni njema lakini hapo pana mambo ya kurekebisha, kwa sababu hoja nzuri ikibebeshwa makosa huangushwa na mtu wa kwanza mwenye simu.

Cargill haina hisa sokoni. Ilianza mwaka 1865 katika jimbo la Iowa na hadi leo ni mali ya familia, za Cargill na MacMillan, na ndiyo maana si rahisi kujua mambo yake ya ndani. Bunge ilizaliwa Amsterdam mwaka 1818, ikakulia Argentina, na leo makao yake yako Marekani. Huko Argentina ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1974 wapiganaji wa Montoneros waliwateka ndugu wawili wa ukoo wa Born, waliokuwa wakiiendesha, na fidia iliyolipwa ilikuwa takriban dola milioni 60. Louis Dreyfus ilianzia Alsace mwaka 1851, na sasa asilimia 45 yake inamilikiwa na mfuko wa serikali ya Abu Dhabi. Kwa hiyo si "matajiri wa soko la hisa" tu: pana familia, pana dola, na pana soko.

Ama hiyo asilimia 90, ni makadirio ya zamani yanayorudiwa bila kukaguliwa. Mwaka 2014 COFCO, shirika la serikali ya China, iliingia kwa kununua sehemu kubwa za Nidera na za biashara ya nafaka ya Noble, na tangu hapo si halali kuhesabu wanne pekee. Kisha Julai 2025 Bunge ikaimeza Viterra, kampuni nyingine kubwa ya nafaka. Wanaongezeka upande mmoja na kupungua upande wa pili.

#4 Duka la Gadeni

Nimesoma nikatabasamu, kwa sababu mimi ndiye ninayemuuzia Bi Mpika unga, na huyo bwana Cargill sijawahi kumwona kwenye gati la Mokowe.

Niwaeleze jinsi beli moja la unga linavyosafiri. Msagaji wa Mombasa anampa muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla anajaza lori, lori linapita Malindi, Garsen na Witu, na njiani linaweza kusimama likisubiri msafara wa askari kama siku hiyo hali si shwari. Likifika Mokowe, hamali wanalishusha na kulilipisha. Linapandishwa kwenye chombo na kulipiwa nauli kama abiria. Likifika Lamu, hamali wengine wanalishusha kwenye gati, nao hawakubaliani na bei ya hamali wa kwanza. Kisha linapakiwa juu ya punda hadi dukani, kwa kuwa gari haliingii katika vichochoro vyetu, na mwenye punda akiona mvua imenyesha huongeza kidogo kwa sababu ya utelezi. Pakiti zilizoraruka au kuloa maji ya bahari ni hasara yangu, si ya msagaji wala ya nahodha.

Sasa mniambie: katika tofauti ya bei kati ya Mombasa na Lamu, hizo kampuni nne zimekaa wapi? Mimi naiona barabara, naona chombo, naona hamali na naona punda.

#5 Shella ya Malindi

Enyi watu wa Lamu, hata punda mmemfanya kuwa mfumo wa uchumi. Lakini nina swali zito kwa Bi Mpika. Umesema nazi ndiyo iliyo yetu. Nazi haina Cargill, haina Bunge, haikatwi na Abu Dhabi. Mbona nayo imepanda? Kama ulaji wa kampuni kubwa ndio unaopandisha bei, nazi ilipaswa kubaki pale pale.

#6 Mpika Mahamri

Shella, umenigusa. Nazi imepanda kweli, na wakati mwingine naambiwa haipo kabisa. Wanaojua mashamba na waseme.

#7 Shamba la Mpeketoni

Mimi nina minazi kidogo na ninaijua habari yake. Minazi mingi ya pwani ni ya babu zetu, imezeeka na haizai kama zamani, na vijana hawapandi mipya kwa kuwa hawana subira ya kungoja miaka mingi. Juu ya hayo madalali kutoka Mombasa huja shambani na pesa mkononi, wakabeba nazi zikiwa juu mtini. Kwa hiyo nazi imepanda kwa uchache wake, na hilo halimsafishi yeyote aliyepandisha ngano. Vitu viwili vinaweza kupanda kwa sababu mbili.

Ila ninyi mnatazama mlangoni tu, hamtazami mbegu. Mwaka 2017 ChemChina ya serikali ya China iliinunua Syngenta ya Uswisi, kampuni ya mbegu na dawa za shamba, kwa takriban dola bilioni 43. Mwaka huo huo Dow na DuPont za Marekani ziliungana, na kutoka tumboni mwao ikazaliwa Corteva, ya mbegu na dawa. Mwaka 2018 Bayer ya Ujerumani ikainunua Monsanto ya Marekani kwa dola zipatazo bilioni 63. Ukiongeza BASF, nayo ya Ujerumani, hao wachache ndio wanaouza zaidi ya nusu ya mbegu za biashara duniani, na hao hao ndio wanaouza dawa za kunyunyizia. Mkulima akishanunua mbegu kwa mtu na dawa kwa mtu huyo huyo, amebakiwa na uhuru gani?

#8 Msomi wa Barani

Ndugu wa Mpeketoni, kwa dunia nzima sikupingi. Kwa Kenya, hata hivyo, anayetawala mbegu za mahindi kwa miaka yote ni Kenya Seed ya Kitale, na humo mwenye fungu kubwa ni serikali. Hata zile Pwani Hybrid tulizopandishiwa huku si kazi ya Bayer, ni kazi ya watafiti wa serikali. Kwa hiyo hapa kwetu mkubwa wa mbegu ni wa nyumbani.

#9 Mwana wa Magarini

Kuwa wa nyumbani hakumfanyi kuwa mpole, mwalimu. Nyanya yangu alihifadhi mahindi ya mdzihana kwa kuyaning'iniza juu ya jiko, moshi ukayafukuza dumuzi, na msimu ukifika akawagawia majirani. Kwa sheria ya mbegu iliyotungwa mwaka 2012, kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kulikuwa kosa la kufungwa jela hadi miaka 2 au kutozwa faini hadi shilingi milioni 1. Sheria hiyo haikupitishwa Ujerumani wala China, ilipitishwa Nairobi na wabunge wetu. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo Novemba 2025, baada ya wakulima wenyewe kwenda mahakamani.

#10 Shamba la Mpeketoni

Shukrani, Magarini. Lakini jiulize sheria ya namna hiyo inamfaa nani. Nyanya yako hakuiomba.

#11 Nahodha wa Kizingitini

Salamu kwenu. Mimi ni mtu wa bahari na ngano naijua ikiwa mkate. Nitasema ninachokiona.

Kampuni ya dunia siijui. Namjua tajiri wangu. Tajiri ndiye aliyenipa mashine ya boti na nyavu kwa mkopo, na mkopo huo haulipwi kwa pesa bali kwa samaki, na samaki huyo lazima nimpelekee yeye, kwa bei anayoitaja yeye nikiwa nimeshafika ufukweni. Wengine watasema, basi muuzie mwingine. Mwingine yupo, lakini hana barafu. Kizingitini jua la saa nne likikupata na shehena ya changu au kamba mawe bila barafu, kila dakika unayobishana bei ndiyo inayokushusha bei. Nimewahi kumwona kijana amekataa bei ya asubuhi kwa hasira, na mchana akaikubali bei iliyo chini ya ile, huku macho ya samaki yameshaanza kufifia na mnunuzi akiyabonyeza kwa kidole bila kusema neno. Mwenye barafu hana haja ya kumiliki bahari.

Kuhusu jodari ni habari nyingine. Kule nje, mbali na tunakofika sisi, meli za Hispania na Ufaransa huzungusha nyavu ambazo boti yangu ingepotea ndani yake. Jodari wao hupelekwa zaidi Ushelisheli, kwenye kiwanda cha Victoria, ambacho asilimia 60 ni ya Thai Union ya Thailand na iliyobaki ni ya serikali ya huko. Ushelisheli wamepata angalau asilimia 40. Sisi tumepata kuzitazama taa zao usiku.

#12 Hesabu Kwanza (mzaliwa wa Faza, nafanya kazi Mombasa)

Ami Nahodha, kwa habari ya barafu umeeleza jambo ambalo Kijana wa Mkomani na Duka la Gadeni wote wamelipita. Hizo kampuni za nafaka hazilimi. Nguvu yao ni maghala, reli, gati na meli, pamoja na kujua kabla ya wengine mavuno ya Brazili yako namna gani na Misri inataka tani ngapi. Hapa Mombasa nako tulikuwa na yetu: Grain Bulk Handlers ilianza kazi mwaka 2000, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa peke yake yenye mitambo ya kupakua nafaka ya kumwaga bandarini. Haikuwa na hila ya mgeni yeyote. Ilipewa kibali na serikali, na kwa kweli upakuaji ulikwenda kasi kuliko enzi za magunia. Lakini ilikuwa mlango mmoja.

Pamoja na hayo, mimi nina maelezo yangu, nayo ni shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ikafika takriban 160. Ngano katika soko la Chicago, Marekani, ambako bei ya dunia hutazamwa, ilivuka dola 13 kwa busheli (kama kilo 27) Machi 2022, kisha ikaanza kushuka kabla mwaka haujaisha, na Julai mwaka huo ukatiwa saini mkataba wa kupitisha nafaka Bahari Nyeusi. Lakini sisi tulinunua ngano iliyoshuka kwa shilingi iliyoshuka zaidi. Ongezeni ushuru wa mafuta ya gari: Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na lori la Duka la Gadeni haliendi kwa dua. Mwaka 2024 ilibaki kidogo mkate wenyewe utozwe asilimia 16 na mafuta ya kupikia asilimia 25, mpaka vijana walipojaa barabarani na mswada wa fedha ukaondolewa. Hayo si ya Cargill.

#13 Kijana wa Mkomani

Nimekubali masahihisho ya #3, mwalimu. Ila Hesabu Kwanza, kila mara mkubwa akitajwa, hukosekani mtu wa kutuambia ni serikali, ni shilingi, ni barabara. Shilingi iliposhuka hadi 160 bei ilipanda mara moja. Iliporudi kwenye 130 au chini yake, ni nani hapa Lamu aliyeona unga umerudi kwa mwendo ule ule? Anayeweza kupandisha upesi na kushusha polepole, huyo ana nguvu, awe Chicago au Changamwe.

#14 Mwanasheria wa Pwani

Hoja ya Kijana ni nzito, lakini mahakamani ingehitaji ushahidi wa makubaliano, kwa kuwa bei kushuka polepole peke yake si kosa. Makubaliano yamewahi kuthibitishwa, na si uvumi. Mwaka 1996 Archer Daniels Midland, ile A ya kwanza, ilikiri nchini Marekani kupanga bei na washindani wake katika lisini, inayotiwa katika chakula cha mifugo, na katika asidi ya sitriki, ikatozwa faini ya dola milioni 100. Na kwa kuwa Nahodha ametaja jodari: Bumble Bee ilikiri mwaka 2017 kupanga bei ya jodari wa mkebe, StarKist ambayo ni ya Dongwon ya Korea Kusini ikatozwa dola milioni 100 mwaka 2019, na mkuu wa zamani wa Bumble Bee, Christopher Lischewski, akahukumiwa kifungo cha miezi 40 mwaka 2020. Aliyewatoboa wenzake ni Chicken of the Sea, ya hao hao Thai Union, ikasamehewa mashtaka kwa kusema mapema.

Hapa Kenya nako, Mamlaka ya Ushindani iliiadhibu Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour, kwa takriban shilingi bilioni 1.1 mwishoni mwa 2023, kwa kuwabana wauzaji wanaoipelekea bidhaa. Mmoja wa waliolalamika ni Pwani Oil, watengenezaji wa mafuta ya kupikia wa huku kwetu. Majid Al Futtaim iliupinga uamuzi.

#15 Mwana wa Magarini

Hilo la maduka nalijua kwa mwili wangu, ingawa aliyenitenda ni mwingine na sitamtaja. Nilikuwa napeleka maembe ya apple katika duka moja kubwa. Kwanza wanakata kiasi kwa "kuharibika", yaharibike yasiharibike. Kisha wanakata kwa matangazo ambayo hukuyaomba. Malipo yanakuja baada ya miezi. Siku nilipouliza, niliambiwa kwa upole kabisa kwamba wapo wengi wanaosubiri nafasi yangu. Leo nauza barabarani Malindi, na embe lililoharibika nalila mwenyewe.

#16 Shella ya Malindi

Kumbe ndiyo sababu umenenepa, Magarini.

Lakini naona hapa kila mtu amejiletea mkubwa wake. Bi Mpika ana Cargill, Nahodha ana tajiri wa barafu, Mpeketoni ana Bayer, Magarini ana duka. Nami ninaye wangu: maziwa. Mwaka 2014 Danone ya Ufaransa ilinunua asilimia 40 ya Brookside, na wenye sehemu kubwa zaidi walibaki kuwa familia ya Kenyatta, mmoja wao akiwa Ikulu wakati huo. Mgeni na mwenyeji walikaa meza moja. Tukisema "kampuni za ng'ambo" tunawaachia wa hapa wapite mlango wa nyuma.

#17 Msomi wa Barani

Na kinyume chake pia ni kweli. Chai ya Kericho ilikuwa ya Unilever, mwaka 2022 ikauzwa kwa mfuko wa uwekezaji uitwao CVC, kisha mashamba yakaenda kwa Browns ya Sri Lanka mwaka 2024. Mchumaji chai amebadilishiwa bwana mara mbili bila kuulizwa. Mafuta ya Bi Mpika nayo hayana uwazi: Wilmar ya Singapore, katika wakubwa wa mawese duniani, imeshirikiana na Bidco huko Kalangala, Uganda. Lakini Aprili 2022, aliyezuia mawese yasitoke Indonesia kwa karibu mwezi mzima hakuwa Wilmar, alikuwa Rais Joko Widodo, ili mafuta yashuke bei kwa wananchi wake. Huyo utamlaumu kwa kulisha watu wake?

#18 Mpika Mahamri

Simlaumu, namwonea wivu. Wao wana wa kuwazuilia.

Nimewasikiliza nyote, na Hesabu Kwanza amenitikisa kwa shilingi, lakini kuna jambo halijajibiwa. Kama sababu ni barabara na punda, hivyo vilikuwapo kabla ya 2022. Kama ni shilingi, Kijana ameuliza vizuri kwa nini kurudi kwake hakusikiki. Ninaomba mwenye duka atuambie bila kuona haya: muuzaji wa jumla aliposhusha, wewe ulishusha baada ya muda gani?

#19 Hesabu Kwanza

Bi Mpika, swali lako ni la haki, na mimi pia ningelipenda jibu lake, maana msagaji hununua shehena miezi kabla, na unga wa leo huenda ni ngano iliyolipiwa kwa dola ya jana. Hilo linaeleza wiki kadhaa. Haliwezi kueleza mwaka.

#20 Duka la Gadeni

Bi Mpika, umenisimamisha mbele ya mji mzima, lakini sikimbii. Mimi nikiwa na stoo iliyojaa unga wa bei ya juu, siwezi kuuza kwa hasara ili nionekane mwema. Humalizia wa zamani kwanza, na jirani zangu wote hufanya hivyo hivyo bila kukutana wala kupanga, Mwanasheria asije akaniandikia barua. Lakini bei ya jumla kutoka Mombasa nayo ilikawia, na hilo si neno la mdomo. Risiti zangu tangu 2022 ninazo zote ndani ya kopo la maziwa ya unga. Hesabu Kwanza akija likizo alete bei za Chicago na za dola, tuziweke pamoja baraza ya hapa dukani baada ya alasiri, tuone ni nani aliyekawia kushusha: msagaji, muuzaji wa jumla, au mimi. Mnakaribishwa wote, ila asije mtu na mfuko mtupu akidhani siku hiyo nakopesha.